Majeraha Kumi na Moja ya Stelingi

Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika chumba cha kufungia vidonda, na jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika huko huko. Watoto waliofikishwa kwake magoti yakivuja damu ndio waliomwita Bibi Nyuzi, kwa kuwa kabla ya kushika sindano aliwaambia kweli: "Hapa ni nyuzi tatu. Wa kwanza utauma. Wa pili utauma kidogo. Wa tatu utakuwa unanisimulia habari za shuleni." Alipostaafu aliondoka na vitu viwili: saa ya kubandika kifuani, na boksi la kadi tupu za wagonjwa, za mtindo wa zamani, ambazo zahanati ilikusudia kuzichoma.

Kesi ninayoieleza hapa aliletewa na mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na mitatu aitwaye Kiroboto kwa kutotulia kitini. Darasa lao, watoto thelathini na wanane, lilikuwa limechagua filamu ya mapigano ya kutazama pamoja Ijumaa ya mwisho wa muhula. Mwalimu wa darasa hakukataa, ila alitaka walezi watatu waitazame kwanza na kusema kama inawafaa watoto wa umri ule. Mlezi wa kwanza alikuwa safarini. Wa pili alisema atakubaliana na lolote atakaloamua wa tatu, Bibi Nyuzi.

"Bibi, nakuomba," Kiroboto alimwambia akimkabidhi flashi. "Ukikataa, darasa zima litajua ni wewe. Wataniita mjukuu wa polisi mpaka nimalize shule."

"Kwani ina nini hiyo picha?"

"Kupigana tu. Hakuna matusi, hakuna mambo ya aibu. Kupigana tu."

"Kupigana tu," Bibi alirudia, kwa sauti ya mtu aliyeshona matokeo ya kupigana tu tangu ujana wake.

Aliitazama Jumanne baada ya chai ya asubuhi, rimoti mkononi na kadi mapajani. Hakujua namna nyingine ya kumtazama mtu aliyeumia ila ile aliyofundishwa: kila mwenye jeraha alifunguliwa kadi. Saa. Sehemu iliyoumia. Huduma iliyotolewa. Sahihi. Filamu ya chini ya saa mbili ilimchukua saa nne na nusu, kwa kusimamisha na kurudisha nyuma. Stelingi, yaani shujaa wa filamu, peke yake alijaza kadi mbele na nyuma kwa majeraha kumi na moja, na kwenye safu ya huduma Bibi aliandika neno lile lile mara kumi na moja: "Hakuna."

Kiroboto aliporudi kutoka shuleni alikuta uso umekunjwa.

"Haifai."

Mkoba ukaanguka chini. "Kwa sababu ya damu?"

"Damu gani? Damu haitoshi! Mtu kachomwa kisu begani dakika ya arobaini, dakika ya arobaini na mbili ananing'inia dirishani kwa mkono huo huo. Na mbavu tatu, mjukuu wangu! Mwenye mbavu tatu zilizovunjika hata chafya anaiogopa."

"Bibi, huyo ni stelingi. Stelingi hafi."

"Sijasema afe. Angalau akae chini!"

Mtoto hakucheka. "Umenitafutia maadui," alisema polepole, akaenda chumbani.

Kwa Bibi, hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Tangu mama yake Kiroboto apate kazi ya mbali, wawili hao walikuwa wakielezana kila kitu: nani kagombana na nani, mtihani gani umeharibika, nani kacheka darasani. Jumatano Kiroboto aliingia, akaamkia, akapita. Habari za shuleni hapana. Bibi aliitambua dalili hiyo: uzi wa tatu umeshapita na mgonjwa hasemi.

Alhamisi mchana Bibi alimkuta Kiroboto amekaa sakafuni, kadi zimetandazwa mbele yake.

"Hii ya mlinzi wa geti mbona ina mstari mmoja?"

"Dakika ya nne anasukumwa kwenye ngazi. Baada ya hapo hawamwonyeshi tena."

"Alikufa?"

"Sijui. Hakuna aliyekwenda kumtazama."

Kiroboto aliigeuza kadi, upande wa pili mtupu. "Ajabu. Mimi nimeiona picha hii mara mbili, na huyu mlinzi simkumbuki kabisa." Kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Bibi alimtazama kwa muda ambao yeye anasema ulikuwa mfupi, na mjukuu anasema ungetosha kuchemsha chai.

"Mara mbili?"

"Darasa zima wameshaiona, Bibi. Tulitaka tu kuiona pamoja."

"Kumbe saa nne na nusu nilikuwa nateka maji kwa pakacha!" Akaanza kucheka, na Kiroboto, baada ya kuhakikisha kwamba ni kicheko kweli, akacheka naye. Kisha Bibi akachukua simu. "Mwalimu? Picha inafaa. Lakini kwa sharti: kila mtoto apewe mgonjwa wake." Mwalimu aliomba arudie. Akarudia.

Ijumaa, katika ukumbi wa shule wenye madirisha yaliyozibwa kwa mablanketi, kadi tupu thelathini na nane ziligawiwa.

"Bega! Dakika ya arobaini!"

"Huduma?" Bibi aliuliza kutoka kiti cha nyuma.

"Hakunaaa!" darasa zima liliitikia, na stelingi alipoanza kuning'inia dirishani, sauti ya mtoto mmoja ikapaa: "Kaa chini wewe, utajiumiza!" Mara tatu mwalimu alilazimika kusimamisha filamu, mara moja kwa sababu mtu alitaka kujua ubavu hupona kwa wiki ngapi. Jibu lilikuwa sita.

Njiani kurudi nyumbani, Kiroboto alisimulia bila kuvuta pumzi: nani aliandika uongo, nani aliomba kadi ya pili, na kwamba hakuna hata mmoja aliyetaja polisi.

Yeye mwenyewe alikuwa amemchagua mlinzi. Bibi aliitoa kadi hiyo boksini nipate kuisoma: "Dakika ya 4. Mgongo, labda kichwa. Huduma: hakuna. Nilimsubiri mpaka mwisho, hakurudi."

"Kazi safi," Bibi Nyuzi aliniambia, akigusa pembe ya chini kwa kidole. "Ila hakuweka sahihi. Nilimrudishia."

Sahihi ipo, kwa wino wa rangi nyingine.