Usiseme Umeshika na Umeachia

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikianza kuikumbuka asubuhi hainiachi mpaka ng'ombe warudi. Nakumbuka hata harufu yake: majani chai mabichi, udongo wenye mvua ya jana, na mafuta ya cheni mikononi mwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikiuza ndizi, nikijiona mjanja kuliko soko zima la Ogembo.

Wanaonijua wanajua tabia yangu. Nikinunua mayai sita nahesabu sita, natembea hatua kumi, nahesabu tena, maana mayai ya sokoni huota miguu. Na bei ya kwanza, hata ya chumvi, sijaikubali ila siku moja. Tabia hiyo imenilisha. Pia imenila, na ndiyo sababu nakuandikia. Jumapili iliyopita nilimwona kijana mmoja wa hapa kwetu akimfundisha binti yake baiskeli kwenye mteremko wa lami, mkono mmoja kwenye siti, mwingine kwenye simu. Mtoto akauliza, "Baba, umeshika?" Baba akajibu, "Nimeshika!" na mkono ulikuwa umeshaachia. Mtoto hakuanguka, Mungu ashukuriwe. Aliyeanguka ni mimi. Nilikaa chini kando ya barabara.

Sasa nikueleze kwa nini.

Baiskeli yangu niliinunua sokoni kwa mzee mmoja aliyeuza vitu vikuukuu. Tuliteta bei tangu umande mpaka jua la utosi. Nilihesabu spoki za mbele, thelathini na mbili. Za nyuma, arobaini. Nikazihesabu tena. Mzee wa watu akachoka.

"Kijana, kwa bei hiyo yako, basi natoa breki ya mbele."

Nikamwambia, "Toa. Kwani nanunua kwenda au nanunua kusimama?"

Watu walicheka mpaka mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akaacha kupima. Mzee akachukua spana, akafungua breki mbele yangu, akaitia mfukoni. Iliyobaki ya nyuma, raba yake ilikuwa imeisha kama sabuni ya Ijumaa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mimi nilidhani walisema hivyo kwa sababu hawakujua kununua.

Kusimama hakukunisumbua. Vijana wote wa milima hii tulikuwa na breki miguuni: unavaa akala, vile viatu vya tairi, unakandamiza wayo kwenye gurudumu la nyuma, baiskeli inalia, inatii. Tulijisifu kwa hilo. Mwenye akala nene ndiye aliyekuwa dereva.

Nyumbani nilikuwa na dada mdogo, Moraa, wa miaka minane. Huyo alikuwa na mbio, mwanangu. Mama akisahau kiberiti dukani, Moraa alikuwa amekwenda na kurudi kabla sufuria haijakaa kwenye mawe ya jiko. Alipoiona baiskeli hakunipa nafasi ya kupumua. "Onchari, nifundishe. Onchari, leo. Onchari, uliahidi." Sikuwa nimeahidi, lakini huyo naye alijua kuteta.

Mama alisema, "Mpeleke uwanja wa kanisa, ni tambarare."

Ni kweli kulikuwa tambarare. Kwetu tambarare ni mali, na mali hiyo ilikuwa kanisani na shuleni tu, kote kuwili mwendo wa nusu saa. Na kwenye tambarare mwalimu ndiye anayesukuma. Nikapiga hesabu yangu. Nikaona mteremko wa kutoka banda la kupimia majani chai mpaka daraja la kijito unasukuma bure. Nikahesabu kona: mbili. Nikahesabu tena: mbili. Nikasema, hapa panatosha.

Siti ilikuwa juu mno kwa Moraa. Akapanda kama walivyopanda watoto wote wa wakati ule, mguu mmoja umepitishwa chini ya paipu ile ya katikati, mwili umepinda kama swali. Nikamvalisha akala zangu, zikazidi miguu yake kwa vidole vinne, nikamwambia ndizo breki. Hapo ndipo hesabu yangu ilipokufa. Mtoto aliyepitisha mguu chini ya paipu ana miguu yote miwili kwenye pedali. Wa kukandamiza tairi autoe wapi? Nilihesabu spoki sabini na mbili mara mbili, na miguu miwili ya mtoto ikanishinda.

Mara ya kwanza nilikimbia naye, nimeshika siti, nikamsimamisha kwa nguvu zangu kabla ya kona. Akafurahi, akataka tena. Tukapanda.

Mara ya pili tulikuwa tunapita mahali nilipoegemeza mikungu yangu ya ndizi. Mama mmoja alikuwa amesimama hapo, anaibonyeza.

"Kijana, huu bei gani?"

Nikamtajia huku nakimbia.

"Kwa huu? Si umekonda kukushinda wewe!"

Basi. Unajua udhaifu wangu. Nikageuka nimjibu, na mkono ukaja na shingo.

"Onchari, umeshika?"

"Nimeshika!"

Yule mama akataja nusu ya bei. Nikaweka mikono kiunoni, yote miwili.

"Onchari! Umeshika?"

"Nimeshika, angalia mbele!"

Kona ya kwanza aliikata vizuri, nasikia alikuwa anacheka. Wachuma chai walioiona kona ya pili ndio waliopiga kelele. Nilipofika, baiskeli ilikuwa juu ya mawe ya kijito, gurudumu bado linazunguka, na Moraa yuko chini yake, mguu bado umepita chini ya paipu. Akala moja ilikuwa inaelea. Hakuwa analia. Hilo ndilo lililonitisha.

Tulimbeba kwa mlango wa jikoni uliong'olewa bawaba. Hospitalini alilala wiki nyingi, paja limevunjika, mguu umening'inizwa na kuvutwa kwa mawe ya mizani. Paja liliunga, lakini liliunga likiwa fupi. Walisema angetembea, na wakasema kweli. Mbio hawakuzitaja.

Nilipeleka baiskeli kwa fundi, mzee Nyakundi, ninyooshewe rimu. Huyo mzee alikuwa mtu wa maneno machache. Aliligeuza gurudumu, akalitazama linavyoyumba. Habari ilikuwa imeshamfikia. Kwetu habari haihitaji baiskeli.

"Alikuuliza kama umeshika?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nimeshika."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Kumbe unahesabu vizuri," akasema.

Alifunga breki mbili mpya, ya mbele na ya nyuma, akanitajia bei yake. Nililipa. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo bei ya kwanza ilipita kwangu bila kuulizwa inakokwenda.

Nilitaka niwe nambeba Moraa kwenda shuleni kwa baiskeli ile yenye breki. Hakuigusa. Alitembea. Aliposhinda mtihani wa kwenda sekondari, shule ilikuwa ng'ambo ya mlima wa pili. Alikwenda mihula miwili, mvua zikaja, akarudi nyumbani akasema inatosha. Mama hakuwahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu, ningeteta naye.

Miaka ikapita mingi. Siku tuliyomzika mama, watu walipokwisha kuondoka, Moraa alikuja akaketi kwenye benchi karibu yangu. Akaniuliza kana kwamba anaulizia chumvi: "Siku ile uliachia wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwenye ndizi.

"Nilijua," akasema. "Ulisema umeshika, lakini sauti ilitoka mbali."

Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi naongeza: na aliyemtia kovu naye usidhani. Mpaka leo akipita njia hii kwenda kuchuma chai namsikia kabla sijamwona, hatua ndefu, hatua fupi. Huwa nazihesabu hatua hizo. Sijapata kuhesabu mara ya pili.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimnunulia mtoto baiskeli, teta bei ya rangi, teta bei ya kengele, breki usiiguse. Breki ndizo za kwanza kumfundisha, kabla ya pedali: atembee akiisukuma, abonyeze, isimame, abonyeze tena, isimame tena. Siti ishuke mpaka nyayo zake zote mbili zikae chini, na asipande baiskeli ya baba yake eti atakua aifikie. Avae kofia ngumu na viatu vinavyomtosha. Mpeleke kwenye tambarare hata kama ni mwendo wa nusu saa, usimpeleke mteremkoni, na lami ya sasa ya boda boda isikaribiwe kabisa. Mgongo utauma. Uache uume, huo ndio mshahara wa mwalimu. Na simu yako, pamoja na yule anayeulizia ndizi, wangoje.

Halafu hili, hata ukisahau mengine yote. Mtoto akiuliza kama umeshika, jibu lililo kweli. Ukitaka kumwachia, mwambie, "Sasa naachia," ajue yuko peke yake, ashike breki zake mwenyewe. Mtoto anaweza kuendesha akijua ameachwa. Anayeumia ni yule anayeendesha akijua ameshikwa, na hajashikwa.

Mungu akupe mikono isiyochoka kabla ya mtoto kujua kusimama. Akupe sauti inayotoka karibu. Na watoto wako wakue, wakimbie mpaka uchoke kuwaita, na jioni wakirudi uwahesabu mara moja tu, wawe wametimia.