Spoki ya Nyanya

Juzi nilibomoa ile nyumba ya mabati tuliyopanga Kitengela nikiwa mtoto. Ploti ni yangu sasa, niliinunua kwa watoto wa mwenye nyumba, na nilitaka kuona kila bati likishuka kwa macho yangu. Fundi alipong'oa mbao ya juu ya mlango, kitu chembamba kikaanguka kikalia kwenye simiti. Akakiokota akacheka.

"Mathe, hii ni spoki ya baiskeli. Nani alikuwa anaficha spoki?"

Nikamwambia anipe na arudi kazini. Ilikuwa imeshika kutu, lakini ncha bado kali. Nilikaa juu ya mawe ya ujenzi nikaishikilia mpaka chai ya mafundi ikapoa. Wewe pia kaa, nikueleze.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kitengela ilikuwa maduka machache kando ya barabara, na baada ya hapo nyasi. Pundamilia walipita nyuma ya choo chetu kama watu wanaoenda zao. Baba alitoka alfajiri kwenda kiwanda cha simiti Athi River na kurudi jioni na nyusi nyeupe. Sisi ni watu wa magharibi. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee wa Kimaasai, tukamwita koko kama wajukuu wake walivyomwita. Kila asubuhi alituletea maziwa kwa kibuyu, yananuka moshi. Mpaka leo chai isiyonuka moshi mimi naona ni maji ya moto tu.

Shule niliiacha darasa la tano. Mama alijifungua mdogo wangu wa kike, na tangu siku hiyo akanyamaza. Alikaa kitandani akiangalia bati. Mtoto akilia, anamnyonyesha huku uso umegeukia ukuta. Majirani walisema ni mvivu, wengine wakasema amerogwa, baba akasema ni uchovu, utaisha. Kwa hiyo nepi zikawa zangu. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi mpaka sabuni inakataa kutoa povu, na mimi nasugua, nasugua, mikono inapasuka. Ugali nilipika nikiwa nimesimama juu ya debe. Mwalimu alituma watoto waniambie nimepotea. Sikupotea. Nilikuwa kazini.

Baba alipoona mambo yananizidi, alimwita mama yake kutoka nyumbani. Nyanya alikuja na kuku wawili, gunia la mahindi na mfuko wake wa kitambaa. Nilimpenda nyanya kupita kiasi. Alichoma mahindi vizuri kuliko mtu yeyote, na alikuwa na msemo wake, "Mkono usiofanya kazi huota uchungu." Lakini ndani ya ule mfuko kulikuwa na spoki.

Mtoto alipofika miezi mitano akaanza kuharisha. Nyanya akapitisha kidole kwenye fizi zake, akakuta uvimbe mweupe mahali chonge zinapoota. Akasema ni meno ya nailoni, ndiyo yanayoharisha mtoto, na yasipochokolewa atakufa. Tena akasema asipewe maji, maana anayeharisha ukimnywesha unamwongezea. Mimi niliamini. Siku mbili nilificha kikombe mtoto asikione, nikijiona nesi. Hilo ni kosa langu, silibebeshi mtu mwingine.

Siku ya tatu, asubuhi, nyanya alinoa spoki kwenye jiwe la kufulia. Akaniambia kazi yangu itakuwa kushika kichwa. Halafu akaenda kutafuta majani ya kusugua fizi baadaye.

Nilimtazama mdogo wangu. Macho yalikuwa yameingia ndani, utosi umedidimia kama kijiko. Analia na machozi hayatoki. Nepi ya jana ilikuwa kavu hata harufu ya mkojo haina. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na sikujua dawa yoyote, lakini nilijua kufua. Niliona wazi kwamba mtu aliyekauka hivyo hana damu ya kumwaga.

Nikamfunga mgongoni. Nikamshika mama mkono, nikamwambia, "Mama, twende." Akasimama. Hakuuliza wapi. Tulipopita lango tukakutana na koko na kibuyu chake. Akamfunua mtoto, akamwangalia mara moja tu, akageuka akatembea mbele yetu.

Zahanati ilikuwa na foleni mpaka nje, akina mama wa kliniki na watoto wao wanono wakingoja chanjo. Koko akapita katikati na kijiti chake.

"Nyinyi wote mnaweza kusimama," akasema. "Huyu hawezi."

"Hata sisi tumeamka mapema, koko," mmoja akanung'unika.

"Basi mtarudi kulala mapema."

Nesi alikuwa mama mnene, sauti ya chini. Alivuta ngozi ya tumbo la mtoto, ikarudi polepole. Hakupiga kelele. Alichanganya unga wa pakiti na maji safi, akanipa kikombe na kijiko, akasema kijiko kimoja kimoja, akitapika ngoja kidogo uendelee, na mama aendelee kumnyonyesha. Nilitegemea sindano kubwa. Nilipewa kijiko. Nilinywesha mtoto kama mtu anayemwagilia sukuma wiki wakati wa kiangazi, tone likianguka nalihesabu kuwa hasara.

Ndipo nyanya akaingia. Jasho, leso imelegea, spoki mkononi. Amekuta nyumba tupu, majirani wakamwelekeza.

"Nipe mtoto," akaniambia. Nikasema hapana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mtu mzima hapana.

Nesi hakumfukuza. Alimwambia, "Shosh, nawa mikono uje hapa." Akampeleka kwenye benchi la wale watoto wanono, akawaomba akina mama. "Weka kidole kwa huyu. Unasikia nini?"

Nyanya akasikia uvimbe. "Nailoni," akasema.

"Anaharisha huyu?"

Mtoto alikuwa anacheka, anamng'ata kidole. Nyanya akapelekwa kwa wa pili, uvimbe upo. Wa tatu, upo. Wote wazima, wote wana mashavu.

"Ni meno tu, shosh. Yanakuja."

Nyanya akakaa chini palepale sakafuni. Nilingoja matusi, hayakuja.

"Wangu wawili niliwatoa hayo meno," akasema. "Walipokufa nilisema nilichelewa kuwatoa."

Zahanati nzima ilisikia. Koko, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maziwa na kufokea foleni tu, akaenda akakaa kando yake sakafuni, bega kwa bega. Wazee wawili, shanga na leso. Halafu nyanya akanyoosha mkono kwangu. Nilifikiri anataka mtoto. Alitaka kijiko. Alimnywesha mpaka saa saba, hakukosea hata mara moja.

Na saa saba mgongo wangu ukalowa. Nilikuwa nimembeba tena ili asinzie, nikasikia joto linateremka mpaka kiunoni. Nikapiga kelele, "Amekojoa!" Foleni yote ikacheka na kupiga makofi. Nimepata mengi maishani, nyumba za kupangisha, duka la hardware, lori mbili, lakini sijapata tena utajiri uliokuja na joto namna ile.

Kabla hatujaondoka nesi alimgeukia mama. "Na wewe, unalala?"

Miezi mitano, hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo swali. Mama akasema, "Nasikia kama huyu si wangu. Nasikia vibaya kusikia hivyo."

"Hiyo ni ugonjwa kama malaria," nesi akamwambia. "Iko na dawa, na si makosa yako."

Akatuandikia barua ya hospitali ya Kajiado. Tukaenda kila mwezi, mimi na yeye, na tukirudi ananinunulia ndizi moja. Koko naye aliwaita wanawake wa ploti, akawaambia kwao mzazi hakai peke yake, akawapangia siku za kuketi na mama. Waliosema ni mvivu ndio waliomletea uji. Siku moja nikiwa nafua nikasikia mtu ananigombeza kwa kuchoma maharagwe. Alikuwa mama. Nililia kwa furaha, maharagwe yakaendelea kuungua.

Jioni ile ya zahanati, nyanya alipanda juu ya debe langu akaisukuma spoki nyuma ya mbao ya mlango. Alisema isirudi kazini.

Koko hayupo, nyanya hayupo, pundamilia waliona nyaya za ua wakaenda. Kisima kilizibwa. Nesi yule alihamishwa na sikuwahi kujua jina lake, na hilo linaniuma.

Juzi jioni nikampelekea mdogo wangu ile spoki. Ana watoto watatu sasa, na mama anakaa kwake. Akaigeuzageuza, akanipa soda. Nikauliza kifungua chupa kiko wapi. Akanipokonya chupa, akaiweka mdomoni upande wa chonge, kifuniko kikaruka mpaka mlangoni.

"Utavunja hayo meno, we msichana," mama akamgombeza kutoka jikoni.

Nikanywa.