Bilha na Kuku Asiyetaga

Watu wakisikia kwamba Bilha alilea watoto kwa posho ya mzungu na wakanawiri, wanadhani alikuwa na shamba lake mahali. Shamba gani! Alikuwa na kipande cha udongo nyuma ya nyumba, hapo kwenye kambi ya vibarua wa mzungu, karibu na mji wa Kwanza, na mtu mrefu akilala hapo miguu ingetokea kwa jirani. Yeye na mumewe Mukhisa walitoka Matulo, huko Bungoma, wakaja kutafuta kazi. Mukhisa aliswaga ng'ombe wa plau, naye Bilha akapalilia mahindi. Hiyo ilikuwa miaka ya vita vya pili vya dunia, wakati kila kitu kilipunguzwa isipokuwa kazi.

Posho ilitolewa Jumamosi: unga, chumvi, na maharagwe ya kufunika chini ya sufuria tu. Basi, hiyo ndiyo ya wiki nzima. Majirani walikula Jumamosi na Jumapili kana kwamba kuna arusi, ikifika Jumatano wanameza ugali kwa chumvi, Alhamisi wanabisha kwa Bilha ati moto wao umezimika. Moto! Bilha aliwapa kaa la moto na bakuli la mboga juu yake, kisha wakiondoka anawasema mpaka anachoka. Hakuwa malaika, na mimi sitamfanya awe malaika.

Maharagwe yake hakuyagusa siku ya posho. Aliyaficha yangoje katikati ya wiki, mwili ukianza kulegea. Siku za kwanza zilikuwa za mboga, na mboga hakununua. Akipalilia mahindi ya mzungu, magugu yote yaling'oka, lakini mboga za kienyeji, managu na saga, zikabaki zimesimama kwenye mistari kama wageni walioalikwa. Nyapara alinung'unika kwamba mistari yake ni michafu. Akapelekewa fungu la managu nyumbani, na kuanzia siku hiyo akaiona safi. Maganda ya maharagwe Bilha aliyachoma, akachuja majivu yake kwa maji, akapata munyu wa kulainishia murere, ile mboga ya mlenda. Maziwa yaliyotolewa krimu yalikuwepo hapo shambani, lakini hayo yalikuwa ya nguruwe wa mzungu, na nguruwe walikuwa na askari wao.

Mukhisa yeye, akipata nafasi ya kufika Kitale, aliingia duka la Madanlal akarudi na sukari na mkate mweupe, anatabasamu njia nzima. Bilha alimpenda sana mume huyu, lakini kwa habari ya sukari hakumsamehe kamwe.

Sasa, pamoja na ujanja wake wote, mtoto alimshinda. Bintiye Nasambu alipoachishwa ziwa kwa sababu mwingine alikuwa njiani, miguu yake ilianza kufura. Nywele zikageuka rangi ya ndevu za mahindi. Akaacha kucheza, halafu akaacha hata kulia, akawa wa kukaa tu pale anapowekwa. Wanawake wa kambi walinong'ona kwamba ni jicho la mtu. Bilha akambeba mgongoni mpaka Kitale, na dresa wa zahanati akaubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale. Akasema mtoto amekosa chakula cha kujenga mwili, apewe mayai, na akasema kwa wepesi kama mtu anayekuomba ufungue dirisha. Bilha alilia akirudi, na hakikuwa kilio cha huzuni peke yake. Alikuwa na hasira, maana kama kuna kitu alichoamini anakijua duniani, ni kulisha watoto.

Leso yake nzuri, ile aliyoolewa nayo, aliibadilisha na kuku. Lakini mayai yalikuwa na neno. Kwa watu wa kwao siku hizo, kuku na mayai vilikuwa vya wanaume. Mwanamke hakuvila, na msichana aliyekula yai alichekwa mpaka akakosa mchumba, ati hata watoto atakaozaa watatoka bila nywele. Mukhisa alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa mtu wa desturi. Kwa hiyo Bilha hakumwambia. Mukhisa akishatoka kwenda kufunga ng'ombe, yai linavunjwa ndani ya uji wa Nasambu, na ganda linazikwa kwenye majivu.

Mukhisa alimtazama yule kuku kila siku, anashangaa.

"Mbona hatagi huyu?"

"Labda bado hajazoea mahali," Bilha anajibu, anapuliza moto.

Uvimbe ukashuka. Siku moja Nasambu alicheka, Bilha akakaa chini na mwiko mkononi. Mukhisa naye akamshukuru Mungu na dresa.

Ndipo mzee Wekoye, babake Mukhisa, akaja kutoka Matulo kuwasalimia. Mgeni wa namna hiyo huchinjiwa kuku, tena apewe firigisi, hilo halina mjadala. Na mke wa mtoto wake hamkaribii. Hampi mkono, haketi naye chumba kimoja, hamsemeshi uso kwa uso, maana hiyo ndiyo heshima ya mkwe. Bilha alimsalimu kutoka nyuma ya migomba akaingia zake jikoni, kibanda kilichokuwa kando ya nyumba. Punde si punde akamwona Mukhisa anamfukuza kuku.

Akamsihi kwa sauti ya chini aazime kuku kwa jirani.

"Mama Nasambu, huyu si hatagi," Mukhisa akasema. "Tunamweka wa nini?"

Hapo uongo wake mwenyewe ulimrudia. Mukhisa alimfunga kuku miguu kwa kamba ya katani, akaenda naye mbele ya nyumba, mgeni aonyeshwe kwanza kabla ya kisu. Bilha akabaki ameegemea ukuta wa jikoni, mtoto ameshika sketi yake. Akinyamaza, ile miguu itafura tena, na safari hii huenda isipone. Akisema, atamvua mumewe nguo mbele ya babake. Lakini desturi ile ile iliyomfunga mdomo ilikuwa imemwachia mlango mmoja: mkwe husemeshwa kupitia kwa mtoto. Hata mtoto kama hajui kusema, unamwambia yeye, mkwe mwenyewe anasikia.

"Nasambu," akasema kwa sauti ya kufika nje, "mwambie babu huyu kuku anataga. Mwambie mayai yote umekula wewe, na ni mimi nilikupa. Wakimchinja utafura tena, na mimi sina kitu ingine ya kukupa."

Mukhisa alisimama na kisu chake, hajui aangalie wapi. Nasambu, ambaye hakuelewa lolote, alitoka mbio akamfuata rafiki yake kuku mpaka miguuni pa mzee. Mzee akampakata. Akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, taratibu, akaangalia nyama inavyorudi. Akapekua nywele, akaona nyeusi zinaota chini ya zile nyekundu. Huko Matulo alikuwa amezika watoto wake wawili waliofura hivyo hivyo, na yeye aliambiwa ni jicho.

"Nipe kuku wangu," akamwambia Mukhisa.

Akampokea, akashukuru kama mgeni anavyoshukuru. Kisha akamfungua kamba, akamwacha aende.

"Nasambu, mwambie mama yako kuku nimepokea," akasema, ameelekeza uso jikoni. "Ni wangu sasa. Lakini kwetu ni mbali, nimemweka hapa mnichungie. Mtu asimchinje. Mayai ni ya mwenye kuchunga."

Kwao, ng'ombe huwekwa kwa mtu hivyo: anayemtunza hunywa maziwa lakini hana ruhusa ya kumchinja. Ng'ombe, nasema. Kuku kuwekwa, hakuna aliyewahi kusikia. Mzee akala ugali kwa murere wenye munyu, akaomba aongezwe, na Bilha huko jikoni alikuwa analia ndani ya moshi.

Mgeni alipoondoka, Mukhisa alisema, "Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Sijui," akasema, na Bilha alimpenda zaidi kwa kutomdanganya. Tangu hapo ni Mukhisa aliyetafuta mayai kwenye majani na kumletea.

Kila alipokuja, mzee aliuliza kupitia kwa mjukuu kama kuku wake hajambo. Kuku yule alizeeka akafa, wakabaki watoto wake na wajukuu wake, na wote waliitwa kuku wa babu. Mzee alipofariki, Nasambu alikuwa msichana mrefu wa shule, nywele nyeusi ti. Walisafiri mpaka Matulo, Bilha amebeba kuku kwapani.

Kwenye mazishi alisimama mbali, pale wake wa watoto wanaposimama. Kaburi lilipokwisha kufukiwa akatoka, akapita katikati ya wazee akaenda mpaka kaburini, na watu wakashtuka. Hakumtuma mtoto safari hii.

"Baba," akasema, "kuku wako huyu. Tumemchunga."

Akamfungua kamba. Kuku akajitikisa, akaingia migombani, na hakuna mtu aliyemfukuza.