Ukurasa Wangu katika Kitabu cha Udugu

Siku zile bado naziona, mwanangu, na kabla hujasafiri nataka uzijue. Ilikuwa miaka ya tisini, nasoma chuo hapa Toronto, na ombi langu la ukimbizi lilikuwa halijajibiwa. Wenzangu wa darasani wakanialika katika chama chao cha udugu, chama cha wavulana wa chuo chenye nyumba yake, na picha za wanachama wa zamani zimejaa kutoka mlangoni hadi ghorofani. Nilijiunga kwa sababu ya upweke. Kuwaamini, sikuwaamini.

Katibu wao aliandika historia ya chama katika kitabu kikubwa, kila mwanachama na ukurasa wake. Akaniuliza mji nilikotoka na jinsi nilivyoondoka. Kalamu ile ilinitisha. Anayataka ya nini haya? Atampelekea nani? Mimi mtu wa Bujumbura, lakini nikamwambia natoka Uvira, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, na kwamba nilikimbia kwa mtumbwi vita vilipoingia mjini.

Nyumba ile ilisafishwa na Mama Furaha, Mkongomani aliyeishi mtaa wa Lawrence Heights. Katibu, kwa wema wake au kwa kunipima, hadi leo sijui, akamwambia kuna kijana wa kwao. Mama akanifuata jikoni, mikono bado ina povu. Kumbe mwanawe, Bahati, alipotea Uvira siku zilezile za vita. Akaniuliza kama nilimwona. Nilidhani ametumwa kunichunguza, na nikaogopa kusema simjui. Nikasema nilimwona akipanda mtumbwi wa kwenda Kigoma.

Miezi miwili mama yule akaandika barua kwenye kambi za wakimbizi za Kigoma, akakusanya na nguo za kumpelekea. Siku aliponiomba nimwandikie anwani juu ya kifurushi, nilishindwa. Nikamweleza yote.

Hakupandisha sauti. "Ungeniambia hujui, ningemtafuta kila mahali," alisema. "Wewe umenifanya nitafute mahali pamoja tu."

Nikamwomba katibu auondoe ukurasa wangu, nikatoka chamani. Hadi Mama Furaha anahama mji huu, Bahati alikuwa hajapatikana.

Mwanangu, sikukatazi kuwa na shaka. Mtu akikuuliza habari zako, muulize anazitakia nini, na usiporidhika, nyamaza. Lakini usimpe uongo kwa kuwa unamwogopa, maana hujui utamfikia nani. Nenda salama. Mungu akupe marafiki wasiokutia hofu, na ulimi usiomwumiza asiye na kosa.