Viatu Walivyomnunulia Sifuna

Sifuna Were alikuwa beki wa kulia, na alicheza miguu mitupu. Usicheke. Mwaka wa hamsini na saba wachezaji wengi wa Nairobi walicheza hivyo, na mawinga waliokuja na viatu vyao wakidhani watamkanyaga walirudi kwao wakiuliza kama yule mtu alizaliwa na kwato. Nyayo zake zilikuwa pana kama mwiko wa ugali, vidole vimeachana, kila kimoja na njia yake. Kwa vidole hivyo alijua mpira ulipo hata akiwa ameyakazia macho ya adui. Mbio hakuwa nazo za ajabu. Alingoja tu, na mpira ukifika ulimkuta.

Siku hizo Mwafrika hakulipwa mshahara wa mpira. Ulipewa kazi, halafu kazi yenyewe ikawa mpira. Sifuna alikuwa tarishi wa kampuni moja ya cherehani pale Barabara ya Delamere. Asubuhi alipeleka barua benki na posta, na saa tisa alasiri alikwenda mazoezini. Meneja alimwonyesha kwa wageni akisema, "Huyu beki yangu." Jina lake sidhani alilijua.

Alipanga chumba Kabiria na mkewe Philister na binti yao Nekesa, uani kwa Kihara, fundi viatu. Kila siku Sifuna alitembea hadi mjini na kurudi, na Kihara alimtania, "Wewe mpangaji gani? Ningekungoja wewe uniletee viatu nishone, ningekufa njaa."

Basi, mwezi wa Agosti jina lake likatoka. Wachezaji ishirini na wawili wangejaribiwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kumi na sita kati yao wangepanda treni kwenda Kampala kuchezea Kenya. Sifuna alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Asipopanda treni hiyo hatapanda nyingine, na alijua. Ila kulikuwa na sharti. Wakubwa wa mpira walisema hawatapeleka watu wa miguu mitupu mbele ya wageni. Asiye na viatu hachezi.

Na treni ya Kampala hupita wapi? Bungoma, nyumbani kwao! Sifuna alishindwa kujizuia. Kabla hata hajajaribiwa, akamwandikia mama yake, Peres: "Mama, usimame stesheni. Utaniona dirishani na koti la timu." Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia siku ile? Mwalimu wa kijiji akajibu kwa niaba ya mama: kanisa zima limeshaambiwa, na kuku wa safari ameshafungwa miguu.

Sasa viatu. Watu wa nyumbani waliokuwa Nairobi walikuwa na chama chao, wakikutana Jumapili baada ya ibada katika kanisa la mabati la Kabiria. Kazi ya chama, tuseme ukweli, ilikuwa maiti. Mtu akifa mjini, wanachanga, anasafirishwa akazikwe kwao. Mwenyekiti, Mzee Hezekiah, mpishi wa Mzungu huko Spring Valley, akasimama na kofia mkononi. "Miaka tisa tunanunua majeneza," akasema. "Leo tumnunulie kitu mtu aliye hai!" Wee, kanisa lililipuka kwa vigelegele.

Philister ndiye aliyechukua kipimo. Alikata uzi wa katani, akaupima kutoka kisigino hadi ncha ya kidole gumba, mumewe ameketi kwenye kigoda anakunywa chai. Urefu ulikuwa sawasawa. Upana hakuna aliyeukumbuka, hata mwenye mguu. Kwao hakuna aliyewahi kupimiwa kiatu. Mzee Hezekiah akaenda na ule uzi Bazaar, kwenye maduka ya Wahindi, na Jumapili iliyofuata akavileta viatu kanisani: vyeusi, vya ngozi ngumu, vina njumu chini, vimefungwa kwa gazeti. Vikaombewa. Akina mama wakavigusa mmoja mmoja. Kisha Sifuna akaambiwa avae hapo hapo mbele ya watu.

Alisukuma mguu ndani, na vidole vyake vikapandana. Maumivu yakampanda hadi gotini.

"Vimekukaa?" akauliza Mzee Hezekiah.

Watu wote walikuwa wakitabasamu.

"Vimenikaa, mzee."

Nyumbani Philister aliona alama nyekundu. "Baba Nekesa, waambie. Watabadilisha."

"Niwaambie nini? Mama wa watu anafua nguo za Wazungu mwezi mzima, anatoa chake, halafu mimi niseme mkate wenu una mchanga? Na vimeshaombewa!"

"Kwani Mungu ndiye atakayevivaa?"

Sifuna akavifunga tena kwa gazeti.

Jumanne akampelekea Kihara viatu hivyo kwa siri. Kihara akavijaza maharagwe yaliyolowa maji, yavimbe yatanue ngozi. Dawa nzuri hiyo, lakini hutaka majuma, na Jumamosi ilikuwa siku nne mbele. "Hii kiatu ni nzuri," akasema Kihara, "lakini haikutengenezewa mguu kama yako. Nipe nipasue hapa kando, nitie kiraka."

"Chama kizima kitakaa mbele. Wataona wamekatiwa kiatu chao."

"Basi punguza mguu." Wakacheka wote wawili.

Jumamosi watu wa chama walifika uwanjani mapema, wakajipanga mstari wa mbele, wanaimba. Sifuna aliingia na viatu vyake, na kwa dakika ishirini hakujua mpira uko wapi. Alikuwa kama mtu anayeonja mchuzi na kitambaa mdomoni. Winga wa upande wa pili alikuwa Makau, kijana wa Machakos ambaye Sifuna alimfunga kamba miaka mitatu mfululizo. Siku hiyo Makau alimpita mara ya kwanza akashangaa mwenyewe. Alimpita mara ya pili, goli. Watu wa chama waliendelea kuimba, ila sauti zilipungua.

Wakati wa mapumziko mwalimu wa timu akaja, Mzungu mwenye filimbi shingoni. Akatazama miguu ya Sifuna, kisha uso wake. "Viatu mzuri? Iko ingine ndani ya sanduku. Kubwa."

Alisema hivyo, neno kwa neno. Sanduku lilikuwa pale, hatua tano, wazi. Sifuna alihisi damu inateleza ndani ya soksi. Akainua macho, na ng'ambo ya mstari wa chokaa Mzee Hezekiah alikuwa amesimama, amevua kofia, anampungia. Ningekuwa karibu ningemzaba kofi, haki ya Mungu! Vaa vile vingine, bwana wewe!

"Hivi mzuri, bwana," akasema Sifuna.

Kipindi cha pili goli lingine lilipita upande wake. Jioni majina kumi na sita yalisomwa. La Makau lilikuwemo. Mzee Hezekiah akamshika bega. "Bahati mbaya tu, kijana. Shida haikuwa viatu. Viatu ulikuwa navyo."

Jumatatu alifunga vidonda kwa kitambaa akapeleka barua, kwa sababu tarishi asiyetembea ni nani? Alitembea hivyo majuma mawili. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikawa cheusi, na kidole jirani nacho kikafuata. Siku homa ilipomwangusha ofisini walimpeleka hospitali, na daktari akavikata vyote viwili, na nyama ya kando pia.

Barua ya pili kwa mama hakuiandika. Kila siku alisema kesho. Treni ilipopita Bungoma yeye alikuwa bado amelala hospitali akihesabu mabati ya dari.

Makau ndiye aliyemweleza, aliporudi kutoka Kampala akaja kumwona na machungwa. Alizungusha chungwa moja mkononi. "Mama yako alikuwa stesheni," akasema. "Alipita dirisha kwa dirisha akiuliza Sifuna wangu yuko behewa gani. Treni ilipoanza kwenda alinipa mimi kuku. Akasema mle tu, nyinyi pia mna mama zenu."

Sifuna akageukia ukutani akalia, mtu mzima yule, mbele ya wodi nzima, wala hakuona haya.

Kampuni ilikuwa imeshapata beki mwingine, na beki ndiye aliyepewa mkoba wa barua. Mwaka uliofuata Sifuna alikuwa anakata ua wa michongoma Spring Valley, kwa memsahibu mmoja wa Kizungu aliyesema hataki kuona damu ya mtu kwenye nyasi zake, avae viatu. Viatu alikuwa na vile tu. Cha kulia Kihara alikuwa amekitanua na maharagwe, polepole, maana sasa muda ulikuwepo tele. Cha kushoto hakikuguswa. Sifuna aliketi kwenye kigoda akakivaa, kikaingia bila shida, na Philister, aliyekuwa akitazama, akatoka nje.

Asubuhi moja Mzee Hezekiah alipita na kikapu cha sokoni, akamkuta langoni na makasi. Akatazama chini, uso ukang'aa kwa furaha.

"Bado unavivaa! Nilisema mimi, ngozi ile ni ya kudumu. Vimekukaa?"

"Vimenikaa, mzee," akasema Sifuna.