Anwani za Kambi Zilipohamia Vilimani

Wasomaji wangu, fundi wa ile tovuti ya kutafuta ndugu amefariki Muyinga kwao, na tumeshamzika. Wengi wenu mliorudi kutoka Tanzania mlipitia kurasa zake bila kumjua. Mimi nilimjua kwa ugomvi.

Alifanyia kazi mtaa wa Mushasha, hapa Gitega. Kila anayetafutwa alikuwa na ukurasa wake, na anwani ya ukurasa ilitaja kambi ya wakimbizi alikoishi, kisha jina la mtu. Shule niliiacha mapema, lakini anwani hiyo niliiweza. Dada yangu tulipotezana wakati wa kurudi. Nikasikia yuko Muyinga. Nikamfungulia ukurasa, namba yangu ya simu ikawa chini, na anwani nikampa kila aendaye huko. Kisha amani ikatulia, bwana yule akaona jina la kambi ni aibu. Akabadilisha anwani zote, akaweka kilima cha asili cha kila mtu, maana kwetu kilima ndicho kijiji, kama Warundi tunavyoulizana. Mara muuza nguo mmoja akaniletea habari: ile anwani inajibu kwamba ukurasa haupo. Nikamfuata fundi.

"Umemfuta dada yangu."

"Bibi, mi sijamufuta. Iko. Nimemuhamisha kwenye kilima chake, Nyarusange."

"Na watoto wake waliokulia kambini, Nyarusange wataijulia wapi?"

"Bon, si watauliza?"

"Wamuulize nani, kompyuta yako? We ukihama nyumba, huachi hata neno kwa jirani?"

Akacheka. "Bibi, ungekuwa mwalimu wangu ungenipiga."

"Ningeanza na sikio."

Alicheka, lakini alikaa akafanya. Aliandika kanuni ili anayefungua anwani ya kambi apelekwe moja kwa moja kwenye ukurasa wa kilima. Kanuni moja haikutosha, maana kambi moja ilikuwa na watu wa vilima vingi. Ilibidi aoanishe jina kwa jina. Hakununa. Kazi ilikuwa bado haijaisha simu yangu ilipolia.

"Mama mkubwa? Nimebonyeza ile ya kambi, ikanileta kwako. Mama yupo hapa, anauliza kama bado unafoka."

Siku ya mazishi, dada yangu alisimama kando yangu. Tangu turudi tunapenda kubadilisha majina: ya shule, ya njia, ya masoko. Badilisheni. Lakini kabla ya kujisifu kwamba mmepanga vizuri, mfikirieni yule anayelijua jina la zamani tu, mumwekee njia ya kufika. Huenda ni yeye mliyekuwa mkimtafuta.