Njia Inayoanzia Nyuma

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifanya kazi Geita, kwenye ofisi ya watafiti wa dhahabu, chumba cha mabati chenye kompyuta mbili na jenereta lisilo na adabu. Wiki ile nilikuwa nasahihisha maelezo ya kiini cha mfumo wetu, ule msimbo wa ndani kabisa unaoendesha mashine. Nilikuwa nimefika kwenye kipande kinachochapisha njia ya faili, yaani folda zote unazopita mpaka ulifikie.

Maelezo ya zamani, yaliyobandikwa ukutani, yalisema njia isomwe kuanzia mwanzo wa nafasi iliyotengwa kwa ajili yake kwenye kumbukumbu ya mashine. Uongo mtupu. Kiini kilifanya kama tufanyavyo kwetu Samuye mtu akiulizwa ni wa nani: anaanza na jina lake, halafu la baba, halafu la babu. Kilianza na jina la faili, kikapanda folda kwa folda, kikijaza nafasi kutoka nyuma kuja mbele. Huko mbele, mwanzoni mwa nafasi, yalibaki makombo ya njia iliyochapishwa kabla.

Sijaandika hata neno, diski ikajaa. Mwenzangu, aliyenizidi umri nami nikimwita kaka, akaiuliza mashine ni faili gani linavimba. Programu yake ikasoma mwanzo wa nafasi, kama ukuta ulivyoagiza, ikataja faili moja. Mafaili yetu yaliitwa kwa namba tupu, naye akadhani ni la muda. Mimi nilikuwa nimetoka kulifungua, ndiyo maana njia yake ilibaki pale mwanzoni. Ndilo lililobeba vipimo vya sampuli zote za mawe ya kijiji cha Rwamgasa, na nakala hatukuwa nayo. Mawe yalishasagwa, mashimo yalishafukiwa.

Akaandika amri ya kufuta. Kabla hajaituma, nikamdaka kiganja.

"Bhebhe, wewe, niachie. Watu wa Rwamgasa wanasubiri majibu."

"Kaka, hizo ni sampuli. Unasoma makombo, njia yenyewe iko nyuma."

"Maelezo yanasema mwanzo."

"Maelezo yanadanganya," nikafoka, na hasira zangu ni za karibu. Sikumwachia mpaka aliposogeza kiti.

Nikabadilisha mstari mmoja, programu ianze kusoma pale kiini kinapoonyesha kuwa njia inaanzia. Likatajwa faili la ujumbe wa hitilafu, takataka tupu. Tukalifuta, diski ikapata nafasi. Tukafungua sampuli, zilikuwepo zote.

Kaka akabandua ile karatasi ukutani, akanipa pamoja na kalamu.

"Andika sasa hivi," akasema, "kabla sijaacha kuogopa."